Kigingi cha Tano

Naandika haya nikiwa sijafika miaka thelathini, na tayari nimeyaandika mara sita. Mara zote sita nilichana karatasi, kwa sababu kila nikifika mahali pa kukiri, mkono ulijitafutia sentensi ya kunitetea. Safari hii nitaziacha kurasa zilivyo, hata zikinichoma.

Jambo lenyewe lilianza na vijiti vinne nilivyovipigilia ardhini Jumapili moja, kando ya shule ya msingi upande wa Kathonzweni. Viwili kati ya hivyo viliingia katika shamba la mama mjane. Shamba hilo lilikuwa ukanda mwembamba, mrefu kama mkia wa ng'ombe, ndio uliobaki baada ya shemeji zake kugawana kilichokuwa cha marehemu mumewe. Alipanda mbaazi na pojo hapo, akalisha watoto wanne. Kama ukanda ule ungeondoka, hakuwa na pengine pa kushika jembe.

Lakini niseme kwanza habari za klabu, maana bila klabu nisingekuwa pale na futikamba mkononi.

Katika mji wetu kulikuwa na klabu ya huduma ya watu tisa. Mwenyekiti aliuza misumari na mabati, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Wengine walikuwa walimu, mganga wa zahanati na wafanyabiashara. Walivaa beji ndogo ya shaba kwenye kola ya koti. Kila Jumatano saa sita walikutana katika chumba cha nyuma cha hoteli, mwenyekiti akagonga kengele ndogo ya mezani, wakala, wakapanga mambo ya kuwasaidia watu. Walikuwa wamewapeleka wazee hospitali kwa lori wakapasuliwe macho. Walikuwa wamempatia msichana mmoja kiti cha magurudumu. Walikuwa wamepanda miti mia mbili barabarani, na mbuzi wakaila yote.

Mlango wa chumba kile ulifungwa kwa sababu ya nzi wa buchari iliyopakana nacho. Watu wa nje hawakujua habari za nzi. Nilisikia kwa masikio yangu, kabla sijaingia klabuni, mwanamke muuza nyanya akimwambia mwenzake, "Wanapiga kengele kama kanisa, lakini hatusikii wimbo."

Mwenzake akajibu, "Mtu anayekula mchana amefunga mlango, muulize anakula nini."

Nilicheka, lakini swali hilo nilikuwa nalo pia. Kwa hiyo waliponiita niwe katibu wao, nikiwa na miaka ishirini na miwili, jambo la kwanza nililoshuku ni kule kuitwa. Niliacha shule kidato cha pili, karo ilipokosekana. Kupiga chapa nilijifunza mwenyewe, na ujenzi nilijifunza katika kitabu kisicho na jalada nilichonunua Machakos. Nilikuwa nachapa barua za watu kwenye kibaraza cha sokoni. Watu wenye vyeti walinitaka wa nini? Walipocheka mezani, nilidhani wananicheka. Kumbukumbu za mkutano nilizisoma mara kumi kabla ya kuzigawa, na nikikuta koma moja mahali pasipofaa, nilichapa ukurasa wote upya. Hakuna aliyewahi kuzisoma hadi mwisho, najua, kwa sababu siku moja niliandika mstari wa kipuuzi kwa makusudi na zikapitishwa.

Mwaka huo klabu iliamua kujenga tangi la maji katika shule ile. Watoto walikuwa wakibeba maji asubuhi kutoka kisima cha mtoni, kila mmoja na kidumu chake, na aliyesahau kidumu alirudishwa njiani. Klabu ingetoa simiti na mabati ya mifereji. Wazazi wangetoa mchanga, mawe na nguvu kwa njia ya mwethya, yaani kazi ya pamoja ya Wakamba, ambapo kina mama hukutana siku maalumu na kila mmoja huja na mzigo wake. Asiyefika huwekwa katika midomo ya watu hadi afike. Tangi lilitakiwa kuwa tayari kabla ya mvua za Novemba. Simiti yote, pamoja na lori la kubebea mchanga, ilitolewa na mwanachama mmoja, mfanyabiashara Mwislamu. Babu yake alitoka pwani akaishi Kitui. Yeye mwenyewe alizaliwa huku na alisema Kikamba kitamu kuliko changu. Hata hivyo watu walimwita mgeni.

Mwenyekiti alimwagiza fundi aende akachague mahali pa tangi. Fundi alikuwa mzee aliyepima kila kitu kwa jicho na unyayo. Mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Nilijitolea kutangulia kupima, na kwa siri niliazimia kuwaonyesha wote kwamba karani wa kibaraza anajua pembe mraba.

Nilichagua Jumapili, saa za ibada, nikamwambia mama yangu naumwa na tumbo. Sikutaka mtu anione nikikosea. Hiyo ndiyo sababu pekee, naomba niaminiwe. Kitabu changu kilieleza namna ya kupata pembe mraba kwa kamba yenye vipimo vya tatu, nne na tano, kikaongeza kwamba kadiri vipimo vinavyokuwa virefu ndivyo kosa linavyopungua. Hapo ndipo wazimu wangu uliponishika. Tangi la mviringo halihitaji pembe mraba hata moja. Lakini nilitaka kituo chake kikae sawasawa na ukuta wa darasa, bila hata inchi ya upotevu, basi nikatumia futi thelathini, arobaini na hamsini. Uwanja wa shule haukutosha. Nilivuka ua wa mkonge, nikaingia shambani kwa yule mama, nikapigilia vijiti viwili katikati ya mbaazi zake.

Vyote vinne nilikuwa nimevipaka rangi nyekundu kichwani, ile ya kupakia mabati, kwa sababu kitabu kilisema kigingi kionekane kutoka mbali.

Nilipopima mishazari miwili, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala, ilitofautiana inchi mbili. Inchi mbili! Jua lilikuwa limepanda na watu walikaribia kutoka kanisani. Nikaviacha vigingi nikisema nitarudi kesho alfajiri nirekebishe kabla ya mtu kuviona.

Msomaji asiyetoka kwetu huenda asijue kwamba miaka ile tulikuwa tukingojea maafisa wa kupima ardhi. Katika lokesheni jirani walikwisha kupita, na habari zilizotufikia zilikuwa za kaka na kaka kutosemezana, na za mzee aliyeamka akakuta choo chake kiko upande wa jirani. Watu wa huko walituachia onyo moja tu: ukiona kijiti chenye kichwa chekundu, uliza shamba lako limehamia wapi.

Jumatatu nilipofika kwa baiskeli, kina mama kama kumi na wawili walikuwa wamesimama katika mbaazi wakitazama chini, kama watu wanaotazama nyoka aliyeuawa wasiwe na hakika kama amekufa. Mama mjane alikuwa katikati, amejifunga leso kiunoni. Nilipita barabarani. Sikusimama. Niliwasalimu kwa kengele ya baiskeli, nikaendelea hadi soko lililofuata ambako sikuwa na shughuli yoyote.

Siku hiyo mchanga haukuletwa, wala siku ya mwethya iliyofuata. Mifuko ya simiti ililala katika stoo ya shule ikingoja kugeuka mawe. Mama mjane hakuving'oa vigingi. Alivifunika kwa matawi ya miiba na kusema hivyo ni ushahidi, vitakaa hapo mpaka mwenyewe apatikane. Na watu walishamtafuta mwenyewe wakampata klabuni. Sasa walielewa kengele. Sasa walielewa mlango. Tangi lilikuwa chambo, walisema. Nani hutoa simiti bure? Baada ya tangi litakuja ghala, baada ya ghala litakuja ukuta.

Kwenye chakula cha Jumatano mwenyekiti alituuliza mmoja mmoja kama kuna aliyekwenda kule. Zamu yangu ilipofika nilisema nilikuwa naumwa na tumbo, na mama yangu ni shahidi. Nilitazama nyuso zao na nikaona kila mmoja anajua. Bila shaka hakuna aliyejua. Lakini tangu siku hiyo mtu akinipitishia chumvi, niliichunguza namna alivyoipitisha.

Sasa nafika mahali ambapo huchana karatasi.

Kiongozi wa mwethya, mwanamke mwenye sauti ya kutuliza hata punda, alinijia kibarazani kwangu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia kwa upole kwamba mimi ni mtoto wa hapa, naingia mle ndani, nasikia yanayosemwa. Basi nimwambie ni nani anayetaka shamba la mjane. Nilijua jibu. Lilikuwa limekaa mbele yake likitokwa na jasho.

Miezi mitatu nyuma nilikuwa nimemchapia yule mfanyabiashara Mwislamu barua ya kuuliza ofisini kama kuna kiwanja cha ghala karibu na barabara ile. Ilikuwa barua ya kawaida, ya kiwanja chochote. Nikamwambia yule kiongozi, nikichagua maneno kama mtu achaguaye mawe ya kuvukia mto:

"Mimi sijui chochote kuhusu vijiti. Lakini yupo mtu aliyeandika kuulizia kiwanja upande ule."

"Yule mwenye lori?"

Niliweka karatasi mpya kwenye mashine na kuanza kuinyoosha. Alinyanyuka akanishukuru.

Kwa siku kadhaa nilijiambia kwamba ni nusu tu ya maneno yangu iliyokuwa uongo. Halafu nikafanya jambo baya zaidi: nikaanza kuamini. Nilimtazama akipita na lori nikajiuliza, kwa kweli, huyu anatoa simiti yote peke yake kwa nini? Nilitoa nakala ya barua yake nikaisoma tena na tena nikitafuta mjane ndani yake. Ni ajabu jinsi shaka linavyopumzisha. Nilikuwa nimepata mtu wa kushuku badala ya mimi, na wiki ile nililala vizuri.

Watoto wa mfanyabiashara walianza kuitwa majina shuleni. Mtu alikwaruza lori lake kwa jiwe. Hapo mama mjane akaenda kwa wazee na kuomba kithitu.

Kithitu ni kiapo cha Wakamba ambacho hakitajwi kwa mchezo. Aliyeapa uongo, inasemekana, hafi peke yake. Huanza wa kwao, mmoja baada ya mwingine. Mama alitaka kila mwanachama wa klabu aape kwamba hakuviweka vile vijiti. Mwenyekiti alikataa papo hapo, kwamba yeye ni mzee wa kanisa na Mkristo haapi kiapo cha kimila. Wengine wote, isipokuwa mmoja, wakamfuata. Walisema kweli, kanisa lingewatenga. Lakini nje ya chumba chetu kukataa huko kulisikika namna moja tu. Wanaume wanane wamekataa kuapa, ungeongeza nini?

Aliyekubali ni yule mfanyabiashara. Kwanza alisema ataapa kwa Msahafu wake. Wazee wakamjibu kwa heshima kwamba hicho ni kiapo chake, wao hawakijui makali. Basi akasema, "Nileteeni chenu."

Tulikutana uwanjani kwa shule asubuhi ya Jumamosi. Mzee mwenye kithitu alikuwa ametoka mbali, amekileta kimefungwa, amekiweka chini mahali peke yake, na watu walikaa mbali nacho kuliko ilivyohitajika. Naibu wa chifu alikuwepo. Wanachama wenzangu walisimama nyuma karibu na darasa, wamevua beji. Mimi pia nilikuwa nimevua yangu. Mfanyabiashara alivua viatu bila kuambiwa. Nikaona soksi yake ina tundu kwenye kidole, na sijui kwa nini tundu lile lilinishinda.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisukuma. Lakini nilijua pia hesabu ya mambo: huyu ataapa, atabaki mzima, halafu wazee wataendelea kwa anayefuata, na mimi si mzee wa kanisa wa kujificha nyuma ya mchungaji. Nilimfikiria mama yangu, ambaye tumbo langu la uongo lilikuwa limemfanya shahidi. Huenda nilikiri kwa woga mtupu. Nimejaribu kupima kiasi cha woga na kiasi cha dhamiri, na sipati jibu moja mara mbili.

"Ni mimi," nilisema. "Vijiti ni vyangu. Nilikuwa napima tangi."

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee wa kithitu alimwambia mfanyabiashara avae viatu vyake. Niliendelea kusema, nikaeleza tatu, nne na tano, nikaeleza futi hamsini, nikaeleza mishazari, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyofanana na mwongo. Mama mjane alinisikiliza hadi mwisho.

"Tangi ni la mviringo au la pembe?" aliuliza.

"La mviringo, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Na pembe zako ulikuwa unampelekea nani?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza tangu Jumapili ile. Nilipokiri habari ya barua pia, hawakucheka. Kiongozi wa mwethya alitazama pembeni. Mfanyabiashara alikuwa akifunga kamba za viatu, alimaliza cha pili ndipo akasema, bila kuinua sauti, "Nilikuletea wewe barua ile kwa sababu waliniambia unajua kutunza siri za watu." Hakuniambia zaidi, siku ile wala baadaye. Lori lake liliendelea kubeba mchanga. Barua zake alizipeleka kwa mchapaji wa Matiliku.

Wazee waliamuru niving'oe vigingi mbele ya watu. Nilivitoa viwili vya ndani ya uwanja kwanza, kisha tukavuka ua wa mkonge, na mama akaondoa matawi ya miiba shambani kwake. Nilikuwa nimepigilia viwili hapo. Nilivitoa. Akaondoa tawi jingine, chini zaidi, karibu na korongo.

Palikuwa na kigingi cha tatu. Cha tano kwa jumla. Kichwa chekundu.

"Hiki si changu," nilisema.

Nilijua si changu. Mimi ni mtu anayehesabu ngazi anapopanda. Nilikata vijiti vinne kutoka fito moja, nilivichonga kwa kisu kimoja, na hiki kilikuwa kimechongwa kwa panga. Nilitoa daftari langu nikawaonyesha mchoro: nukta nne, kila moja na herufi yake. Mama mjane hakulishika daftari.

"Kitabu umeandika wewe," alisema, "na shahidi wako ni wewe. Ng'oa."

Nikang'oa. Ningefanya nini? Mtu aliyekana vinne kwa mwezi mzima hawezi kukana cha tano mchana mmoja. Mzee wa kithitu alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake, akisema aliitiwa shauri moja na limepata mwenyewe.

Sijajua hadi leo ni nani aliyekiweka. Nimewashuku wote. Nilimshuku mwenyekiti, kwa kuwa alikataa upesi mno. Nilimshuku mfanyabiashara, naona haya kusema, hata baada ya ile soksi. Niliwashuku mashemeji, ambao wangeweza kuona vyangu wakaongeza chao. Nilimshuku hata mama mwenyewe, kwamba aliona viwili ni ushahidi mdogo. Usiku mwingine nilijishuku mimi.

Siku ya mwethya iliyofuata kina mama walikuja wote, na mjane mbele yao na mzigo wa mawe. Watoto wake wawili walikuwa katika shule ile. Walitoa sharti moja: jina la klabu lisiandikwe popote kwenye tangi. Bamba la shaba lilikuwa limekwisha kuchongwa, na mwenyekiti alisononeka mikutano miwili, lakini likabaki katika droo ya duka lake. Fundi alichagua mahali kwa kutembea huku na huku na kufumba jicho moja. Nilikatazwa kusogea. Mvua ilipofika, tangi lilikuwa na siku nane tangu kupigwa lipu. Lilijaa hadi juu, na halijavuja hata tone, nami nimekwenda kulikagua mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema bila aibu.

Nilijiuzulu ukatibu kwa barua isiyo na kosa hata moja. Waliikubali, kisha wakanirudia baada ya miezi mitatu kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kazi hiyo.

Kiangazi cha mwaka wa pili maafisa wa ardhi walifika kweli. Ilipofika zamu ya mama mjane, alimtuma binti yake aniite sokoni. Nilikwenda nikidhani nimeshtakiwa. Nilimkuta amesimama kwenye mpaka wake pamoja na mpimaji, kamati ya wazee na mashemeji zake wawili waliokunja mikono. Mpimaji alihitaji mtu wa kushika ncha moja ya mnyororo wa kupimia. Mashemeji walikuwa wamejitolea, na mama alikuwa amekataa.

"Atashika huyu," alisema.

Shemeji mmoja aliuliza kama amesahau mimi ni nani. Akamjibu kwamba hajasahau, na ndiyo sababu. Nyinyi sijawahi kuwakamata, alisema. Huyu nilimkamata, najua akidanganya uso wake unavyokuwa.

Akanipeleka mwenyewe hadi kwenye kona, karibu na korongo, akanionyesha jiwe.

"Piga magoti. Shika hapo nikuone."

Nilipiga magoti. Mpimaji alikwenda na ncha yake hadi ng'ambo, akaita namba, karani wake akaandika, akaomba kurudia, akaita namba ileile. Wengine wote walimtazama mpimaji. Mama hakumtazama. Alisimama juu yangu, kivuli chake kikiwa mgongoni mwangu, akatazama vidole vyangu tangu namba ya kwanza hadi ya mwisho, nami sikuvisogeza hata alipokuja siafu mmoja akapanda kifundo cha mkono.

Ukanda wote uliandikwa kwa jina lake. Aliniambia nisimame sasa, nikasimama.